Huyu Si Nyungunyungu

Mama alinipigia simu Jumanne, saa tano asubuhi. Hakunisalimu.

"Boda amerudishwa nyumbani. Wanataka mzazi."

"Amefanya nini tena?"

"Ameingia darasani na nyoka."

Boda ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Ana miaka tisa, yuko Gredi ya Nne. Jina lake la shule sitalitaja kwa sababu siku moja atakua, atajitafuta mtandaoni, na hakuna haja ajikute hapa. Boda ni jina la nyumbani. Ni kama zile pikipiki za steji ya Voi: hata zikisimama, injini haizimwi. Dada yangu anafanya kazi Mombasa na huja mwisho wa mwezi, ama mwisho wa mwezi unaofuata. Kwa hivyo mzazi wa Boda ni mama yangu, na mama akiwa na jambo la shule hunipigia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Hilo la mwisho lina kasoro. Nitalirudia.

Siku hiyo nilikuwa chumbani kwangu Voi, naandika faida kumi za siki ya tufaha kwa mteja ambaye sijawahi kumwona. Kazi ilitakiwa jana yake. Nilikuwa nimefika faida ya nne na kufungua dirisha kumi na saba kwenye kompyuta, moja ikiwa inahusu historia ya chupa. Ndivyo ninavyofanya kazi. Nikafunga kompyuta, nikachukua boda, nikapanda mlima.

Ukiwa Voi mjini, Sagalla ni ule mlima ulioko kusini, unaovaa wingu asubuhi hata siku ambayo mji mzima unachomeka. Chini kuna reli mbili, ya zamani na ya SGR, kuna barabara ya Mombasa na malori yake, kuna Tsavo na udongo wake mwekundu. Kwenye vijiji vya chini kama Mwakoma, utakuta mashamba yamezungushiwa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya, kwa sababu ndovu wanaogopa nyuki kuliko wanavyotuogopa sisi. Juu kwetu kuna ubaridi, migomba, na udongo unaoshika maji. Na kuna shule. Sisi Wasagalla tunapenda kujisifu kwa hilo: mmishenari J. A. Wray alifika huku mwaka 1883, kabla hata ya reli, na tangu hapo mtu akikosa shamba huambiwa ana kalamu.

Nilimkuta Boda nje ya jikoni, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yanacheza. Mikononi alikuwa ameshika kopo la Blue Band lililojaa udongo.

"Anti," akasema kabla sijashuka vizuri, "hana macho. Nimeyatafuta kila mahali."

Nikachungulia. Ndani ya udongo kulikuwa na kitu kirefu kama kalamu mbili, rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na waridi, chenye pete pete mwilini, kinang'aa kwa unyevu. Kilijikunja polepole. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, tayari kwa lolote.

Nilimjua. Kila mtoto aliyelima Sagalla anamjua. Ukipiga jembe mahali penye unyevu, chini ya migomba, pale mnapomwaga maji ya vyombo, utamfukua. Sisi tulimwita nyungunyungu mkubwa na tukawatupia kuku. Miaka mingi baadaye, usiku mmoja nilipokuwa natakiwa kusoma kitu kingine kabisa, ndipo nilipojua kwamba hakuwa nyungunyungu. Ana uti wa mgongo. Ana taya na meno. Yuko katika ukoo mmoja na vyura, ila hana miguu. Mwaka 2005 wanasayansi walimpa jina lake, *Boulengerula niedeni*, na hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye mlima huu wetu. Tulikuwa tukiwalisha kuku mnyama ambaye dunia nzima imetuachia sisi tumtunze.

Nikamweleza Boda. Alisikiliza bila kutikisa goti. Nasema hivi kwa sababu mama yangu pia aliliona. Goti lilitulia.

"Kwa hivyo si nyoka," akasema.

"Si nyoka. Na si nyungunyungu."

"Nilimwambia Madam. Nilimwambia si nyoka, akasema nanyamaza."

Polepole hadithi ikatoka. Wakati wa mapumziko alikuwa amekwenda nyuma ya tangi la maji, mahali udongo haukauki. Akachimba kwa kijiti. Kengele ililia na hakuisikia. Sisemi aliipuuza, hakuisikia. Wenzake waliingia, somo likaanza, likafika katikati, na yeye bado anachimba. Alipompata, akamweka mfukoni na kukimbia darasani ili amwonyeshe mwalimu. Wasichana wawili walipanda juu ya dawati. Mwingine akaanguka. Mwalimu akampa barua.

Haikuwa barua ya kwanza. Mama alizitoa kwenye mkoba wake wa kanisani, tatu. Hatulii. Anajibu kabla ya swali kwisha. Anapoteza penseli. Anatembea darasani. Anasumbua wenzake. Ya tatu ilisema asipobadilika itabidi mlezi atafute shule nyingine.

Usiku ule nilimsomea Boda kwenye simu habari zaidi za mnyama wake. Nikamwambia ana binamu upande wa pili, kwenye milima ya Taita, na kwamba mama wa binamu huyo hunenepesha ngozi yake kisha watoto wake huila. Huwalisha ngozi yake mwenyewe. Wanasayansi waliandika habari hiyo mwaka 2006, na ilishangaza watu wengi.

"Haumii?" Boda akauliza.

Kutoka jikoni mama akacheka. "Muulize nyanya yako," akasema.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria ng'ombe.

*

Nilipopata nafasi ya chuo kikuu, mama aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Mkopo wa HELB ulichelewa, na kulikuwa na hosteli, godoro, nauli, na kompyuta ambayo kila mtu alisema bila hiyo husomi. Ng'ombe akaenda, mimi nikaenda. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilimwambia mama kwamba wahadhiri wamegoma, jambo ambalo mara nyingine lilikuwa kweli, na kwa hivyo uongo wangu ulikuwa na mahali pa kujificha. Halafu nikamwambia nimeahirisha kwa sababu ya karo. Halafu nikaacha kusema chochote, naye akaacha kuuliza. Kijijini aliendelea kusema, "Huyu wangu anamalizia."

Ukweli ni huu. Siku niliyobeba mizigo yangu kutoka hosteli nilikuwa na kazi saba za kozi ambazo sikuziwasilisha. Sita kati ya hizo nilikuwa nimezianza. Mbili zilikuwa zimebakiza ukurasa mmoja. Nilikuwa nikikaa mbele ya ukurasa huo usiku kucha, nikitaka kwa moyo wote kuumaliza, kama mtu anayetaka kuinua mkono uliokufa ganzi. Asubuhi nilikuwa nimesoma kila kitu duniani isipokuwa kile. Nikajipa jina rahisi: mvivu. Kuna wakati nilijipa mabaya zaidi ya hilo, na sitayaandika hapa.

Mwaka jana, nikiwa na miaka ishirini na nne, rafiki alinisukuma nikamwone daktari wa akili. Niliingia nikitegemea kuambiwa nina huzuni, na kweli huzuni ilikuwepo. Lakini daktari aliendelea kuuliza mambo ya ajabu. Ulikuwa unapoteza vitu shuleni? Walimu walikuwa wanasema nini juu yako? Akaniambia kwamba hali anayoishuku haianzi ukubwani. Dalili zake lazima ziwe zilionekana kabla ya mtu kufikisha miaka kumi na miwili, hivyo alitaka ushahidi wa utotoni. Krismasi nilipokwenda nyumbani nilifungua sanduku la bati la mama, lililo chini ya kitanda, ambamo huweka hati ya shamba, vyeti vya ubatizo, na ripoti zetu zote za shule. Nikazipiga picha akiwa kanisani.

Darasa la pili: Ana uwezo. Aache kuota mchana. Darasa la nne: Msichana mtulivu, ila akili haiko darasani. Darasa la sita: Angeongoza angekuwa anamaliza kazi.

Daktari alizisoma kwenye simu yangu, akatabasamu kidogo. Kwa Kiswahili bado tunatafuta jina la kitu hicho. Wengine husema upungufu wa umakini na uchangamfu uliozidi. Wengi huziacha zile herufi nne tu, ADHD. Mimi ningesema hivi: si kwamba umakini haupo. Upo, mwingi, lakini usukani wake umelegea. Boda anaweza kuchimba saa nzima bila kusikia kengele, na asiweze kukaa dakika kumi na hesabu za kugawanya. Mtu akiona lile la kwanza, anafikiri la pili ni ukaidi. "Mbona kwa mambo yake anaweza?" Hilo swali nimeulizwa maisha yangu yote.

Si sisi peke yetu tuliolikosea jina. Mwaka 1902, huko London, daktari wa watoto aitwaye George Still alitoa mihadhara kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Aliona vizuri, aliandika kwa makini, na bado jina alilochagua lilikuwa kasoro katika kujitawala kimaadili. Maadili! Miaka zaidi ya mia imepita na barua za Boda zinasema neno lilelile kwa njia nyingine: nidhamu.

*

Jumatano asubuhi tukaenda shule, mimi, mama na Boda. Kabla ya hapo tulimrudisha mnyama wake chini ya migomba, maana nje ya udongo wenye unyevu angekufa. Boda aliweka jiwe hapo ili akumbuke mahali. Njiani alikumbuka kwamba ameacha mkoba. Akarudi mbio. Akaja na mkoba, bila sweta.

Mwalimu wa darasa alitupokea kwenye ofisi ya walimu, meza yake ikiwa na vitabu vya mazoezi vilivyopangwa mpaka kidevuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Usiku nilikuwa nimekariri sheria: kwamba adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kiakili. Nilizijua kwa sababu nilisoma shule ya msingi baada ya marufuku ile, na nawaambia fimbo ilikuwa haijapata barua. Darasa la saba nilipokaa kwa shangazi chini ya mlima, tulikuwa na kijana aliyelala darasani karibu kila siku. Alichapwa kwa hilo. Wote tulijua kwamba usiku alikuwa shambani na baba yake wakipiga madebe kufukuza ndovu. Hakuna mwalimu aliyemuuliza, na sisi hatukusema. Siku hizi nikisikia neno mtoro, mtundu, mzembe, namkumbuka yule kijana na ninauliza kwanza: usiku alilala?

Lakini mwalimu wa Boda hakuwa adui niliyemwandalia sheria. Alikuwa msichana wa rika langu, labda mwaka mmoja juu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu, nyanya," akamwambia mama. "Karibu, Madam."

Akaanza kueleza, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Niko na watoto hamsini na wanane. Boda ni mtoto mzuri. Ana roho safi, hana ubaya na mtu. Lakini nikimwangalia yeye, hamsini na saba wananiponyoka. Jana yule msichana aliyeanguka ameumia mkono. Mzazi wake amekuja hapa akinielekezea kidole. Sasa mimi nifanye nini?"

Nikamwambia kuhusu ADHD. Nilisema mengi, haraka, kama ninavyosema mambo ninayoyapenda. Nikamwambia kwamba kwa makadirio yanayotajwa sana, ni kama watoto watano katika kila mia. Kwa hivyo katika darasa lake wako kama watatu.

Akanyamaza kidogo. "Watatu? Mimi namjua mmoja."

"Unamjua anayepiga kelele."

Hapo nilikuwa nazungumza juu yangu mwenyewe, ingawa hakujua. Wasichana wengi wa aina yetu hawapandi madawati. Wanakaa pale dirishani, wametulia, wameondoka. Hawasumbui mtu, kwa hivyo hawapelekwi popote. Boda ana bahati moja ambayo mimi sikuwa nayo: kelele zake zimeita watu watatu wakae kwenye meza moja asubuhi ya Jumatano.

"Chuoni tulifundishwa kidogo kuhusu mahitaji maalum," mwalimu akasema. "Tulifanya mtihani, tukapita. Lakini hebu niambie. Kesho saa mbili na dakika ishirini nina hesabu. Boda atasimama. Nifanye nini hiyo saa mbili na dakika ishirini?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na sikuwa na jibu. Nilikuwa na tarehe, sheria, na daktari wa London.

Aliyejibu ni mama.

"Mimi humpa moja moja," akasema. Alikuwa hajasema neno tangu salamu. "Namwambia, kachote maji. Akirudi, namwambia, lisha kuku. Nikimpa mawili kwa pamoja, la pili linamwagika njiani. Na simwiti kutoka mbali. Naenda pale alipo, namshika bega, aniangalie, ndio naongea. Nikipiga kelele kutoka jikoni ni kama naongea na mti."

Mwalimu akachukua kalamu.

"Na akianza kuhangaika," mama akaendelea, "simwambii tulia. Atatulia na nini? Namtuma. Akitembea kidogo anarudi akiwa mtu."

"Kweli," mwalimu akasema. "Siku nikimtuma chaki huwa afadhali. Na siku ya kumwagilia miti huwa hana shida kabisa. Nilifikiri ni kubahatisha."

Wakaendelea hivyo, wawili hao, kama watu wanaopiga hesabu ya duka. Boda atahama kutoka dirishani, akae mbele, karibu na meza ya mwalimu, pembeni mwa mtoto mtulivu. Hesabu kumi atapewa tano, akimaliza alete, apewe tano nyingine. Kazi ya chaki na kazi ya maji itakuwa yake, kila siku, na haitakuwa adhabu wala zawadi. Mwalimu akigonga dawati lake mara mbili kwa kidole, Boda ajue amepotea njia, bila darasa zima kutajiwa jina lake. Akifanya vizuri aambiwe papo hapo, si Ijumaa, kwa maana kwa Boda Ijumaa ni nchi nyingine. Na kutakuwa na kadi ndogo: mwalimu anaweka alama, nyanya anaweka sahihi, inarudi asubuhi. Baadaye, nikisoma, niligundua kwamba karibu yote waliyopanga ndiyo ambayo vitabu vya wataalamu hupendekeza, na kwamba wazazi na walimu wa watoto wadogo hushauriwa kuanza na njia kama hizo, dawa zikiwa suala la daktari kuamua baadaye. Mama yangu aliishia darasa la saba.

Mwalimu akauliza jambo moja lililonichoma. "Samahani, nyanya. Mamake alipoondoka kwenda Mombasa, mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano."

"Isije ikawa ni hilo. Isije ikawa anamkosa tu."

Hakuna aliyejibu haraka. Inawezekana. Huzuni ya mtoto hailii kila mara. Kuna inayokimbia na kupanda madawati. Njaa nayo hufanana na utundu. Sikio lisilosikia vizuri hufanana na ukaidi, na jicho lisiloona ubao hufanana na uzembe. Inawezekana pia yakawa mawili kwa pamoja. Ndiyo sababu mtu mmoja hawezi kukaa ofisini akatoa jina kwa kutazama goti linalocheza, hata kama mtu huyo ni anti mwenye bando. Tukakubaliana apelekwe kwenye kituo cha tathmini. Vituo hivyo vya serikali vilianza mwaka 1984, kazi yake ikiwa ni kumpima mtoto na kusema anahitaji msaada gani shuleni. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, ilifuata mwaka 1986. Vina umri kuliko mimi na kuliko mwalimu yule, na wote wawili hatukuwahi kumwona mtu aliyepelekwa.

Tulipokuwa tunasimama nikamuuliza mama, nusu kwa utani, "Hayo yote umeyajulia wapi?"

Akanitazama kama niliyeuliza jua hutokea wapi.

"Si ndivyo nilivyokulea wewe. Ulikuwa mtoto wa moja moja."

*

Kuna maneno yanayokukuta umesimama na kukukalisha. Nilikaa tena. Mwalimu alifikiri nimesahau kitu.

Nilikuwa nimelipa daktari, nimefungua sanduku kwa siri, nimepiga picha ripoti kama jasusi, ili mtu aniambie kitu ambacho mama yangu alikijua tangu niko na miaka minne. Hakuwa na jina lake. Alikuwa na namna ya kukibeba. Kachote maji. Umerudi? Sasa osha vikombe. Ndivyo nilivyofika sekondari, ndivyo nilivyopita mtihani. Halafu nikaenda mahali ambapo hakuna mtu wa kunishika bega, ambapo kazi zote saba hutolewa kwa pamoja siku ya kwanza na kukusanywa siku ya mwisho, na zote saba zikamwagika njiani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Boda tulimwacha darasani, mbele, karibu na meza. Kwenye ile kona ambapo unaiona Voi yote chini, nikamwambia mama.

Nikamwambia sikuahirisha. Nikamwambia hakukuwa na mgomo, ama ulikuwepo lakini haukuwa sababu. Nikamwambia kazi saba. Nikamwambia daktari, na sanduku, na picha. Nikamwambia, "Najua uliuza ng'ombe."

Alisimama akiangalia chini, kule malori yanakopita. Treni ya SGR ilikuwa inaingia, ndogo kama jongoo.

"Mwaka gani?" akauliza.

"Wa tatu."

"Mimi nimekuwa nikiwaambia watu unamalizia."

"Najua."

"Miaka mitatu nawaambia watu unamalizia."

Akaanza kutembea. Sikujua niseme nini, na kwa mara ya kwanza maishani sikusema kitu. Kilichomuumiza hakikuwa chuo. Nililiona hilo kwenye mgongo wake. Ni kwamba alikuwa amesimama mbele ya watu na kulisema jambo kwa mdomo wake, na mimi nilimwacha aliseme.

Siku mbili hakunipigia simu. Dada yangu ndiye aliyeniambia kutoka Mombasa kwamba Boda amepata alama nne kati ya tano kwenye kadi, ile ya tano amekosa kwa sababu kadi yenyewe aliipoteza na ikapatikana kwenye banda la kuku. Wiki mbili baadaye walienda kituo cha tathmini. Walimpima macho na masikio, yote mazima. Walimuuliza mama maswali mengi, wakampa fomu nyingine ya mwalimu, na wakaandika barua waende wakamwone daktari. Jina halikutoka siku hiyo. Bado halijatoka ninapoandika hapa. Lakini kiti cha mbele kilitoka, na chaki, na hesabu tano tano, na hivyo havikusubiri jina.

Siku ya tatu baada ya ile kona, saa mbili asubuhi, simu yangu ililia.

"Umeamka?"

"Nimeamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Leo una kazi ngapi?"

Nikahesabu. "Tatu. Nne."

"Nitajie moja."

Nikamtajia siki ya tufaha, ambayo ilikuwa imechelewa sasa kiasi cha kuona aibu.

"Hiyo. Ukimaliza nipigie."

Akakata. Nikaketi, nikafunga madirisha kumi na sita, nikaandika faida sita zilizobaki. Saa nne nikampigia. Hakunisifu. Aliuliza tu, "Na ya pili?"

Amepiga kila siku ya kazi tangu hapo. Hajasema amenisamehe, na ng'ombe hatujamtaja tena, ingawa kila mteja akilipa naweka kando kitu kidogo, na mimi na Boda tunajua ni cha nini. Boda ameahidi kutomwambia nyanya, kwa hivyo nadhani ameshamwambia.

Leo asubuhi mama alipouliza, nilikuwa na kazi tano. Nikamtajia hii.

"Inahusu nini?"

"Boda. Na mimi. Na wewe kidogo."

Akanyamaza, nikasikia kuku nyuma yake.

"Basi iandike," akasema. "Ukimaliza nipigie."